Uhariri wa Wazi wa Tungo za Kale: Kazi Inayozingoja Shule za Shinyanga na Geita

Mpimaji wa dhahabu katika maabara ya mgodi hampelekei mhandisi tarakimu tupu. Akiandika kwamba mwamba una gramu tatu za dhahabu kwa tani moja, sharti karatasi yake ieleze mwamba huo ulichorongwa katika shimo lipi na kwa kina gani, ulisagwa na kupimwa kwa njia ipi, na nusu ya kipande iliyobaki imehifadhiwa katika sanduku namba ngapi. Mtu mwingine akitia shaka, sanduku hufunguliwa na kipimo kikarudiwa. Tarakimu isiyo na karatasi hiyo, hata ikiwa ya kweli, haimfai mtu. Jambo hili lajulikana vema katika ukanda wa dhahabu wa Kahama na Geita, ambako hata mchimbaji mdogo asiyepata kuingia maabara huuliza kwanza mawe yametoka duara lipi.

La kushangaza ni kwamba jamii hiyohiyo, iingiapo darasani kusoma tungo za kale, hupokea tarakimu tupu bila kuuliza. Mwanafunzi wa kidato cha tano mjini Shinyanga hupewa ubeti wa utenzi wa karne ya 18 au ya 19 uliokwisha kupigwa chapa vizuri, pamoja na vituo, herufi kubwa na maelezo ya maneno magumu. Haambiwi kwamba vituo hivyo si vya mtunzi. Haambiwi kwamba utenzi uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwamba huenda zipo nakala nne au tano zisizolingana, na kwamba aghalabu hakuna hata moja iliyo katika mwandiko wa mtunzi mwenyewe. Neno analotakiwa kulifafanua katika mtihani yumkini ni chaguo la mhariri mmoja aliyekaa mezani London au Dar es Salaam, akasita kati ya njia mbili za kusoma, kisha akafuata moja.

Ili ukubwa wa tatizo uonekane, yafaa kueleza jinsi hati hizo zilivyoandikwa. Alfabeti ya Kiarabu haikuwa na herufi ya *p*, wala ya *v*, wala alama za kutenganisha *e* na *i* au *o* na *u*. Waandishi wa Pate, Lamu na Mombasa walitumia herufi walizokuwa nazo. Herufi moja ilisimama mahali pa *b*, *p* na *mb*. Nyingine ilisimama mahali pa *f* na *v*. Alama moja ya irabu ilisomwa *i* au *e*. Basi mnakili akiandika *ba* na *ta*, kila moja na alama ya *a* juu yake, maandishi hayo yaweza kuwa bata aogeleaye, au pata ya kupata, au mbata, yaani nazi kavu. Katika mtindo huohuo futa na vuta ni neno moja machoni, na vivyo hivyo pita na peta. Kwa kawaida muktadha humwokoa msomaji, kwani hakuna atakayedhani kwamba mtunzi alikusudia nazi kavu pale anapozungumzia riziki. Lakini ushairi si barua ya biashara. Mtunzi hodari huweza kukusudia neno adimu, na vina humbana, na lahaja ya Kiamu ina maneno ambayo mtu wa bara hajapata kuyasikia. Hapo ndipo wahariri wawili wenye elimu sawa wanapoachana njia.

Wapo wataalamu wa pwani waliojaribu kuliponya jambo hili kwa kuongeza nukta na alama juu ya herufi, nao walifanikiwa kwa kiasi. Hata hivyo hati nyingi za zamani hazikuandikwa hivyo. Tena wanakili walikuwa watu, wala si mashine. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchoraji na mchongaji, naye aliwanakilia tungo nyingi Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Mshairi anakilipo kazi ya mshairi mwenzake, mkono wake hautulii. Hunyosha mstari ulioonekana kupinda, na mahali pa neno lililofifia hutia lililo bora kwa maoni yake. Marekebisho hayo yana thamani yake, kwa maana yanaonyesha jinsi msomi wa Lamu alivyouelewa utenzi. Lakini yana thamani hiyo endapo tu msomaji ajua kwamba ni marekebisho.

Si haki kuwalaumu wahariri waliotangulia. Hichens aliyetoa *Al-Inkishafi* mwaka 1939, J. W. T. Allen aliyetoa *Tendi* mwaka 1971, Mohamed Hassan Abdulaziz aliyetoa tungo za Muyaka mwaka 1979, M. M. Mulokozi aliyetoa *Tenzi Tatu za Kale* mwaka 1999, wote walifanya kazi ambayo bila yake shule zisingekuwa na chochote cha kusoma. Adui wao alikuwa karatasi. Ukurasa ni mdogo, chapa ni ghali, na mchapishaji hataki kusikia habari za tofauti za nakala sita chini ya kila ubeti. Kwa hiyo mhariri huchagua, na yale asiyoyachagua hubaki katika daftari lake. Naye akifa, daftari hupotea. Katika mialo ya Geita mchanga uliokwisha kupita kwenye zebaki hautupwi. Huitwa marudio, nao huuzwa kwa bei nzuri, maana yajulikana kwamba zebaki huacha nyuma sehemu kubwa ya dhahabu, na kwamba mwenye njia nyingine ya kuchenjua atakuja kuitoa. Uhariri wa karatasi umekuwa ukiyamwaga marudio yake mtoni kwa muda wa zaidi ya miaka mia.

Kompyuta imeliondoa sharti hilo la uchache wa nafasi. Huo ndio msingi wa kile kiitwacho uhariri wa wazi. Picha ya hati huwekwa mahali ambapo kila mtu aweza kuiona. Kando yake huwekwa usomaji wa herufi kwa herufi, kama ulivyo, pamoja na makosa yake. Kisha hufuata usomaji uliosanifishwa kwa tahajia ya leo, na kila mahali mhariri alipochagua neno huwekwa alama inayotaja nakala nyingine zinasemaje na kwa nini chaguo hili limefuatwa. Mwisho, na hili ndilo lililo jipya kweli, msomaji yeyote huruhusiwa kupendekeza usomaji mwingine, kwa jina lake na kwa hoja zake, na pendekezo lake huhifadhiwa hata likikataliwa.

Njia hii si ndoto. Wataalamu wa Kigiriki na Kilatini wameifuata kwa miaka mingi. Mwaka 1998 ulianzishwa mradi wa kuifasiri na kuifafanua Suda, kamusi kubwa ya Kigiriki ya Byzantium ya karne ya 10, yenye vidahizo zaidi ya 30,000. Hakuna profesa mmoja ambaye angeweza kuimaliza kazi hiyo, wala chuo kimoja ambacho kingeigharimia. Ikagawanywa kwa watu wa kujitolea, maprofesa pamoja na walimu na wanafunzi, kila mmoja akichukua vidahizo alivyoviweza na wengine wakimsahihisha mbele ya macho ya watu wote. Fasiri ya vidahizo vyote ilikamilika mwaka 2014. Mradi mwingine, papyri.info, unashughulikia maandishi ya kale yaliyoandikwa juu ya mafunjo na kupatikana hasa Misri. Humo yeyote aliyejiandikisha aweza kupendekeza sahihisho. Baraza la wahariri hulijadili na kulipigia kura. Likipita, jina la aliyependekeza hubaki pale daima, na usomaji wa zamani haufutwi.

Yafaa izingatiwe kwamba hapo pana baraza na pana kura, wala si kila mtu kuandika apendavyo. Wako wanaoupinga uhariri wa wazi wakidhani ni kuuacha mlango bila mlinzi, na kwamba tungo za mababu zitachezewa na watoto. Hofu hiyo ingekuwa na nguvu kama matoleo ya karatasi yangekuwa na ulinzi ulio bora. Lakini katika karatasi kosa la mchapaji hupita bila kuonekana, hunakiliwa na kitabu cha pili, likaingia katika mwongozo wa mwalimu, na baada ya miaka ishirini likawa ndilo neno sahihi. Hakuna anayeweza kulifuatilia lilikoanzia. Katika uhariri wa wazi kila badiliko lina tarehe na lina mwenyewe.

Tena Waswahili wenyewe walikwisha kuuona ubora wa kazi ya pamoja kabla ya kuwa na mtandao wa kuifanyia. Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zilitolewa mwaka 2004 mjini Köln na kundi la wataalamu ambamo, pamoja na Gudrun Miehe wa Ujerumani, walikuwamo washairi na wanaisimu kama Abdilatif Abdalla, Ahmad Nassir, Ahmed Sheikh Nabhany, Yahya Ali Omar, Said A. M. Khamis na Farouk Topan. Kundi la namna hiyo lina faida ambayo mhariri pekee hana. Mtu wa Lamu husikia neno na kulijua kwa sababu bibi yake alilitumia, mtu wa Mombasa hulijua kwa maana nyingine, na mwanaisimu huuliza ni lipi kati ya hayo lingekuwako zamani. Kitabu kilichotoka ni bora. Bahati mbaya kimechapishwa Ulaya, wala hakikupata kuwa kitabu cha kununuliwa na shule ya kata.

Yawezekana hapa mwalimu wa Kishapu au wa Nyarugusu akauliza haya yote yamhusu nini. Pwani iko mbali, hati ziko London, Hamburg na Dar es Salaam, na shuleni kwake umeme hukatika. Swali hilo ni la haki, na majibu yake ni mawili.

La kwanza ni jepesi. Matini ni kitu kidogo mno. Utenzi wa Mwana Kupona una beti zipatazo 100, kila ubeti una mistari minne, na kila mstari mizani minane. Hiyo ni mizani 3,200 hivi, yaani herufi zisizozidi sana 8,000 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida hujaza nafasi inayoweza kubeba utenzi huo mara mia mbili au tatu. Toleo zima pamoja na tofauti zote za nakala laweza kukaa katika kifaa kidogo cha kubebea kumbukumbu, likasomwa katika kompyuta isiyo na mtandao wowote, au likachapwa katika karatasi nne na kutolewa nakala. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, wala hawazihitaji kwa kazi hii. Alama zinazotumika kuonyesha tofauti zina utaratibu wa kimataifa uitwao Text Encoding Initiative, ulioanza kuandaliwa mwaka 1987, nazo ni maandishi ya kawaida ambayo kompyuta kuukuu huweza kuyasoma. Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kuketi na kulinganisha.

Jibu la pili ni zito zaidi. Kanda ya Ziwa ina tungo zake za kale, na hali yake ni mbaya kuliko ile ya hati za Lamu.

Mfano ulio karibu uko ng'ambo ya maji, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji. Baada ya miaka mingi aliifasiri mwenyewe kazi yake kwa Kiswahili, nayo ilichapishwa na Tanzania Publishing House kwa tarehe ya mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika alitoa tafsiri ya Kiingereza, lakini aliifasiri kutoka katika Kikerewe, siyo kutoka katika Kiswahili. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili na msomaji wa Kiingereza wanasoma vitabu viwili vilivyotoka katika chemchemi mbili, ingawa mtunzi ni mmoja. Mtu afasiripo kazi yake mwenyewe ana ruhusa ya kuongeza, kupunguza na kubadili nia, ruhusa ambayo mfasiri mwingine hana. Je, katika miaka ile kati ya 1945 na kuchapishwa kwa kitabu, Kitereza alibadili mawazo yake juu ya lolote? Swali hilo ni la kisayansi kabisa na lina jibu, lakini jibu haliwezi kupatikana mpaka matini ya Kikerewe na ya Kiswahili ziwekwe ubavu kwa ubavu, sura kwa sura, mahali panapofikika na kila mtu anayesoma Kikerewe. Watu hao hawako Köln, wako Nansio na Bukindo.

Shinyanga na Geita zenyewe zina nyimbo. Ngoma za mashindano za Bagalu na Bagika, ambazo asili yake hupelekwa kwa waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika, zimezaa hazina kubwa ya ushairi. Kadhalika vyama vya bayeye wanaoshika nyoka, vya bayege waliowinda tembo, na vya bagobogobo wanaolima kwa ngoma. Mtunzi wa nyimbo hizo huitwa ningi, na jina lake hutajwa. Hili lafaa kusisitizwa, kwa kuwa vitabu vya shule hupenda kusema kwamba fasihi simulizi haina mwenyewe. Nyimbo nyingi za Usukuma zina mwenyewe, na wasikilizaji wake humjua.

Mengi yamekwisha kukusanywa. Majalada ya Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni na kufariki mwaka 1962, yamo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, kazi ya Padre David Clement, yamehifadhi zana na habari za vyama vya ngoma. Katika mkoa wa Shinyanga wenyewe, Kamati ya Utafiti ya Ndoleleji, ambamo Padre Donald Sybertz alifanya kazi kwa miaka mingi pamoja na wazee wa mahali hapo, ilikusanya methali, hadithi na nyimbo za Kisukuma. Mwaka 2010 Frank Gunderson alitoa Leiden kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, kila wimbo kwa Kisukuma pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo. Basi ghala zipo. Kinachokosekana ni mlango wa kutoka ghala moja kwenda nyingine, ili wimbo ulioandikwa na mmoja katika miaka ya 1930 ulinganishwe na wimbo huohuo uliorekodiwa na mwingine miaka sitini baadaye.

Kazi hiyo ya kulinganisha itakutana mara moja na tatizo la tahajia, ambalo ni ndugu wa tatizo la hati za Kiarabu. Kisukuma kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Kisukuma kina pia toni, na kina sauti za puani zinazotolewa kwa pumzi, zile ambazo watu wa Kishapu huziandika *mh* katika jina la Mhunze. Mwandishi mgeni mwenye mashine ya kuchapa ya Kiingereza aliandika alichokisikia kwa herufi alizokuwa nazo, kama alivyofanya mnakili wa Pate kwa kalamu ya mwanzi. Hata jina la lugha yenyewe halikupona. Mwanaisimu Mtanzania Herman Batibo alipochapisha Paris mwaka 1985 uchunguzi wake wa lugha hii, aliiandika kwa kiambishi *ke*, ambapo Biblia na magazeti huandika *ki*. Irabu ya hapo iko kati ya *i* na *e* za Kiswahili, na kila mwandishi huivuta upande wake. Tangu utaratibu wa herufi wa Unicode ulipotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, kompyuta imekuwa ikipata herufi za kutosha kuziandika irabu zote saba, kwa hiyo udhuru wa mashine umekwisha. Uliobaki ni udhuru wa mazoea.

Aliye tayari kuamua kwamba maandishi fulani ya mwaka 1935 yasomwe kwa irabu hii na siyo ile si lazima awe daktari wa falsafa. Lazima awe na sikio la Kisukuma. Msichana wa kidato cha tatu aliyelelewa Mwadui na babu yake ana chombo cha kupimia ambacho chuo kikuu hakiwezi kukinunua. Na kwa kuwa majina ya lahaja za Kisukuma hufuata pande za dunia, yaani Kimunasukuma cha kaskazini, Kimunadakama cha kusini, Kimunakiiya cha mashariki na Kimunang'weli cha magharibi, sikio moja halitoshi. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliwahimiza watu wahamie Geita, kulikokuwa na ardhi tele, na watu hao hawakuziacha nyimbo zao nyuma. Wimbo uliovuka kwenda Geita na kuimbwa huko kwa vizazi vitatu, karibu na maduara ya dhahabu, hauwezi kubaki kama ulivyokuwa Shinyanga. Katika elimu ya hati, nakala mbili zilizotengana mapema ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote, kwa sababu neno linalopatikana katika zote mbili aghalabu ni la zamani kuliko utengano wenyewe. Shule za mikoa hii miwili, bila kujijua, zimekalia nakala mbili za namna hiyo.

Hapo pana jambo ambalo wapenzi wa uwazi hulipita upesi mno. Hati ya Lamu ya mwaka 1850 haina wa kuombwa ruhusa isipokuwa maktaba iliyoihifadhi. Wimbo wa ningi aliyefariki miaka kumi iliyopita una watoto wake. Nyimbo nyingine ni za ndani ya chama, hufundishwa wanaoingizwa baada ya kulipa ada na kula kiapo, na zinafungamana na dawa za ngoma. Kuziweka hadharani kwa jina la sayansi ni kuiba, na kwamba mwizi hakujipatia fedha hakubadili neno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, lakini sheria haitamwambia mwalimu ni wimbo upi wa bayeye usioandikwa. Wazee watamwambia. Toleo la wazi linalostahili jina hilo sharti liwe na mahali palipoandikwa waziwazi kwamba hapa pana ubeti ambao wenyewe hawakutaka utolewe. Mhariri wa Kigiriki huweka mabano pale funjo lilipotoboka. Mhariri wa Kisukuma naye aweke mabano pale mwenye wimbo aliponyamaza.

Ugumu mwingine ni huu. Lugha za makabila hazina nafasi rasmi darasani, na mwanafunzi aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba Kisukuma ni cha nyumbani hatakubali kwa urahisi kwamba ni chombo cha utafiti. Wapo walimu watakaoona kwamba huku ni kurudisha ukabila. Wanastahili kujibiwa kwa upole. Utafiti wenyewe utaandikwa kwa Kiswahili, maelezo yatakuwa kwa Kiswahili, na mwalimu aliyetoka Mtwara ataweza kusimamia kazi hiyo vizuri, pengine vizuri kuliko mwenyeji, kwa sababu ataiuliza kila irabu. Mgeni ndiye anayelazimika kutaka karatasi ya kipimo.

Kwa hiyo mwanzo usiwe mkubwa. Maktaba ya Chuo Kikuu, Bujora na vituo vingine vyenye makusanyo vingefanya jambo la maana kwa kutoa kwanza orodha tu: mistari ya kwanza ya nyimbo zilizoko, mwaka ulioandikwa, mahali na jina la aliyeuimba pale linapojulikana na pale familia inaporidhia. Orodha ya mistari ya kwanza haimnyang'anyi mtu wimbo wake, lakini yatosha kumwonyesha mwalimu kwamba wimbo unaoimbwa kijijini kwake ulipata kuandikwa. Baada ya hapo shule tatu, moja ya Kishapu, moja ya Kahama na moja ya Geita, zichague wimbo mmoja wa kulima, usio wa chama chochote, ambao wazee wa pande zote tatu wanaujua. Kila shule iuandike kama unavyoimbwa kwake, kwa irabu saba, bila kuusahihisha na bila kuwauliza wenzake. Karatasi zikutanishwe baadaye, na tofauti ziorodheshwe chini ya kila mstari pamoja na jina la aliyeimba, umri wake na kijiji alichokulia. Wimbo huo uwe mfupi, mistari isiyozidi ishirini, ili kazi ipate kwisha kabla ya likizo ya Juni.